Hatukufika Moba



Kila mwaka, mwezi wa Julai, shule zinapofunga milango yake na kiangazi kinapokuwa kimeshika pwani yote ya ziwa letu, vikundi vya parokia huanza kupanga safari. Wengine huchanga fedha waende kwa lori, wengine kwa miguu, na wale wanaokaa karibu na maji hutafuta mashua. Kwa kuwa wengi wameniuliza juu ya safari tuliyoifanya kutoka Kalemie kuelekea Moba, nimeona inafaa niieleze kwa utaratibu, na hasa nieleze kwa nini haikufika ilikokusudiwa.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana wengi wanaishi kandokando yake bila kulijua. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, nao ni mto Lukuga, unaotoka hapo Kalemie na kuyapeleka maji hadi Lualaba. Kutoka Kalemie hadi Moba ni zaidi ya kilomita 130 kwa njia ya maji, na pwani yake inazidi kuinuka kadiri unavyokwenda kusini, mpaka unaikuta milima ya Marungu.

Tulikuwa watu kumi: vijana sita, wavulana watatu na wasichana watatu; mama mlezi wa wasichana; mimi; nahodha na msaidizi wake. Mashua ilikuwa ya mbao, na motere yake ndogo, ya zamani. Vijana walikuwa wamefyatua matofali na kuuza mandazi tangu Pasaka ili wapate fedha za esansi. Shabaha yao ilikuwa kuona mahali ambapo Stefano Kaoze alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, yeye mwana wa Marungu, padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Njiani tungepita Mpala, kituo kilichojengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, kisha kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Tulihesabu siku mbili za kwenda, mbili za kukaa Moba, na mbili za kurudi.

Binti mmoja alikuwa na sababu yake mwenyewe. Nyanya yake mzaa mama anaishi Moba, na hawajawahi kuonana, kwa sababu vita viliitawanya familia yao kabla hajazaliwa. Alikuwa amebeba kikwembe kipya na vipande vya sabuni, vimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Maji yalikuwa yametulia, na wavuvi walikuwa wakirudi na taa zao zikiwa zimezimwa, mitumbwi imejaa ndagala. Vijana waliimba, wakahesabu vijiji. Kisha, saa tatu hivi, motere ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Msaidizi akafungua buji, akaipangusa, akairudisha. Motere ikawaka kidogo, ikazimika tena. Nahodha hakugombana na mtu. Alimimina esansi kutoka bidoni mpya ndani ya chupa nyeupe, akaiinua mbele ya jua. Baada ya muda mfupi sote tuliona mstari katikati ya chupa: juu esansi, chini maji. Aliyetuuzia alikuwa ameongeza maji ndani yake. Mmoja wa vijana, aliyemaliza masomo ya sayansi, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa ameelewa somo la uzito wa vitu ambalo alilikariri tu darasani.

Tulipiga makasia hadi nchi kavu, na kazi ya kusafisha tangi na kuchuja mafuta ikatuchukua hadi mchana. Katika bidoni saba tulizobeba, moja ilitupotea yote. Wakati huo upepo ulikuwa umeinuka, na mawimbi yaliyoingia mashuani yalikuwa yamelowesha mfuko wa unga. Tukalala pale, katika kijiji ambacho hatukukipanga.

Siku ya pili tuliamka tukiwa tayari, lakini nahodha hakuwa tayari. Jua liliwaka, mbingu haikuwa na wingu hata moja, naye alikaa juu ya jiwe akitazama kusini. Kijana mmoja akamwendea, akamwambia kwa heshima, lakini uso wake ukionyesha hasira:

“Papa, mvua hakuna, mawingu hakuna. Tunangoja nini?”

“Mtoto wangu, usiangalie juu. Angalia maji kule mbali. Unaona nini?”

“Naona vitu vyeupe.”

“Basi hivyo vyeupe ndivyo vinavyotungoja.”

Vilikuwa vichwa vya mawimbi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa kwa nguvu, na anayekwenda Moba huupokea usoni. Karibu saa nne mashua nyingine ilipita, imejaa wafanyabiashara na magunia. Abiria wake walitupungia mikono, na wawili walitucheka. Vijana wetu walimtazama nahodha kwa macho makali; mmoja akasema afadhali tungepanda ile. Nahodha alisikia, akaendelea kushona wavu wa mwenyeji wetu.

Jioni mashua ile ilirudi. Watu wote walikuwa wamelowa, wanawake wawili wakilia, na magunia ya mbele hayakuwapo. Walikuwa wameyatupa majini ili chombo kiweze kuinua kichwa. Hakuna aliyekufa. Vijana waliokuwa wakinung’unika waliingia majini hadi kiunoni, wakawapokea watoto, wakawashusha. Usiku ule hakuna aliyesema neno juu ya mashua ile. Nasi tunajua kwamba mambo haya hayaishi hivyo kila mara. Mwezi wa Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku huko Goma, na watu walioketi nchi kavu waliwaona ndugu zao wakizama.

Hata hivyo nawaomba msiuchukie upepo ule. Wataalamu wa ziwa wanaeleza kwamba unayasukuma maji ya juu, yenye joto, kwenda kaskazini. Ndipo, upande wa kusini, maji baridi ya kilindini hupanda juu yakibeba rutuba. Rutuba hiyo huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, vijidudu vya majini huila, ndagala hula vijidudu, na mikebuka hula ndagala. Upepo uliotuzuia pale ufukweni una sehemu yake katika chakula kinachouzwa sokoni Kalemie. Nahodha hakuwa na maneno hayo ya wataalamu, lakini alilijua jambo lenyewe. Alisema: “Mwaka ambao upepo ni mdogo, sisi tunalala njaa.”

Njaa yetu wenyewe ilianza jioni ile. Mikate ya njiani ilikuwa imekwisha, unga ulikuwa umelowa, na ikajulikana kwamba mmoja wetu ameficha chakula. Maneno yakaanza kurushwa, na wavulana wawili wakasimama wakikabiliana. Mama mlezi akatandika kikwembe chake mchangani, akasema: “Kila mtu aweke hapa alicho nacho. Mimi nageuka.” Akageuka kweli, akatazama milima. Alipogeuka tena palikuwa na biskuti, karanga, kopo la samaki na mikate mitatu. Hakuuliza nani ameweka nini, wala hakumruhusu mtu mwingine aulize. Mwenye nyumba naye akatuletea bukari na ndagala, akakataa fedha zetu; alichoomba ni chumvi. Tulimpa yote tuliyokuwa nayo.

Saa tisa usiku nahodha alituamsha. Upepo ulikuwa umelala. Tulikwenda gizani, taa za wavuvi zikienea mbele yetu kama mji uliojengwa juu ya maji, na saa nne asubuhi tukaiona Mpala. Hapo tukapata pigo la tatu. Miaka hii maji ya ziwa yamepanda sana, yamemeza nyumba za pwani Kalemie na Uvira, na mawe ambayo zamani nahodha aliyaona na kuyakwepa sasa yamefunikwa. Helisi iligonga jiwe, na pini yake ikakatika. Pini hiyo imetengenezwa ili ivunjike upesi, isije ikavunjika motere yenyewe. Msaidizi alikata msumari akauweka mahali pake, lakini nahodha alituonya kwamba msumari si pini.

Ndipo akatuita wote, akapanga bidoni zetu mchangani, zilizojaa upande mmoja na zilizo tupu upande mwingine. Kubisha upepo kulikuwa kumekula esansi zaidi ya hesabu yetu, na moja ilikuwa imemwagwa. Alisema: “Moba ni karibu kilomita 40. Kuwafikisha ninaweza. Kuwarudisha Kalemie sitaweza.” Fedha zilizobaki hazikutosha kununua esansi nyingine kwa bei ya huko, na siku mbili zilikuwa zimekwisha kupotea.

Vijana waligawanyika, watatu huku na watatu kule. Mmoja alisema twende, Mungu atafungua njia ya kurudi. Mwingine akamjibu kwamba wazazi wetu nao wanangoja, na kwamba hatuna haki ya kuwafanya wakeshe kwa ajili ya furaha yetu. Binti mwenye mfuko wa plastiki hakusema upande wake. Nilipomwuliza, alijibu: “Mwalimu, mimi nikisema, mtanihurumia, na huruma itaendesha mashua.” Sijasikia neno zito kuliko hilo katika miaka yangu yote ya kufundisha.

Tuliamua kurudi. Mchana tuliingia katika kanisa la zamani la Mpala, tukakaa ndani kwa utulivu mrefu. Binti yule alimkuta mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Moba kwa pikipiki, akampa mfuko wake na jina la mtaa. Alilia bila sauti, mama mlezi akiwa ameketi karibu naye bila kumwambia kitu. Tuliondoka saa saba usiku, upepo mdogo ukitusukuma mgongoni, na kesho yake kabla ya adhuhuri tulikuwa Kalemie.

Kifurushi kilifika. Wiki mbili baadaye sauti ya bibi mzee ilikuja kwa simu, ikishukuru na kuuliza mjukuu wake ana urefu gani. Mjukuu mwenyewe hajafika Moba hadi leo, na singependa kuwaambia kwamba jambo hilo halimwumi.

Tangu wakati huo nimefikiri sana juu ya kungoja. Tunasifu ushujaa, na ni vizuri. Lakini mara nyingi tunaliita ushujaa jambo ambalo kwa kweli ni kushindwa kukaa mahali. Ilihitaji nguvu kubwa kwa nahodha yule kukaa juu ya jiwe kutwa nzima akidharauliwa na watoto ambao alikuwa akiwalinda. Wala nisiseme kwamba mwenye chombo ana haki siku zote. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, kulikuwa kinyume: nahodha na mwenye merikebu walitaka kuendelea, na Paulo, abiria tena mfungwa, ndiye aliyeonya. Wakamkataa, merikebu ikavunjika, na watu 276 wakafika Malta wakiwa wamenusurika tu. Kwa hiyo tusiangalie cheo cha anayesema. Tuangalie kama amesoma maji kabla ya kusema, na kama atakuwa ndani ya chombo pamoja nasi.

Ninyi mnaojiandaa kusafiri kiangazi hiki, fanyeni mambo machache. Mimineni esansi ndani ya chupa nyeupe kabla ya kuilipia. Hesabuni jile za kuelea, na ikipungua hata moja, abiria mmoja abaki. Wekeni katika hesabu zenu siku mbili ambazo hazina kazi. Kisha, mkiwa bado nyumbani na mioyo yenu imetulia, mchagueni mtu mmoja atakayekuwa na ruhusa ya kusema “turudi”, na mkubaliane tangu hapo kwamba akilisema neno hilo hamtamtukana. Kumchagua mkiwa tayari katikati ya mawimbi ni kuchelewa.

Vijana wetu wamekwisha kuanza kufyatua matofali tena. Safari hii wamepanga bidoni kumi, na binti yule ndiye anayeshika daftari la hesabu.