Niliyoyaona Haworth, Kijiji cha Kina Brontë

Ikiwa una mwana anayesoma fasihi, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi unayekesha na riwaya za Kiingereza, bila shaka umewahi kujiuliza nchi inayosimuliwa humo ikoje hasa. Je, upepo huvuma kweli namna ile? Mimi nilibahatika kuiona kwa macho yangu mwaka wa 2014, nikiwa mwanafunzi wa uanahabari, nilipopata ufadhili wa kozi fupi ya wiki sita katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Leeds si jina geni kwa Mkenya apendaye vitabu. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alikuwa mwanafunzi huko alipoandika A Grain of Wheat, kilichochapishwa mwaka wa 1967.

Nauli na malazi nililipiwa. Kilichoninyima usingizi kilikuwa jambo jingine. Karo ya chuo changu hapa Nairobi ilitoka mfukoni mwa mjomba wangu, na siku mbili kabla sijapanda ndege alinikalisha kitako akaniambia waziwazi kwamba muhula uliosalia hangeulipia, ila kama ningehamia uhasibu. "Mwanangu, kuandika hakuleti unga nyumbani," alisema. Nakuomba usimhukumu. Alikuwa na watoto wanne wa kusomesha na duka moja tu la vipuri. Basi mashamba na vijiji vya Uingereza nilivizuru na hesabu hiyo kichwani.

Jumamosi ya kwanza tulipelekwa kwa basi hadi Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare na alikozikwa mwaka wa 1616. Huko sitakuchelewesha. Bata maji wamejaa mtoni, na maduka yanauza uso wa mshairi kwenye vikombe, leso na hata sabuni. Kisa kimoja tu ndicho kilichonichekesha. Nyumba aliyofia, iliyoitwa New Place, haipo tena. Kasisi mmoja aitwaye Francis Gastrell, aliyekuja kupamiliki mahali hapo katika karne ya 18, alichoshwa na wageni waliofika kuutazama mforosadi uliosemekana kuwa ulipandwa na Shakespeare, akaukata. Baadaye akagombana na wakuu wa mji kuhusu kodi, na mwaka wa 1759 akaibomoa nyumba iliyosimama pale. Ama kweli watalii wanaweza kumtoa mtu akili!

Lakini msomaji, ninakotaka kukupeleka hasa ni Haworth.

Kutoka Leeds unapanda gari la moshi hadi mji unaoandikwa Keighley (wenyeji hutamka "Kithli", usiniulize kwa nini), kisha unaingia gari jingine, la mvuke la zamani, linaloendeshwa na watu wa kujitolea. Nje ya dirisha, mahali pa ua wa michongoma, malisho yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji. Kondoo wamepakwa rangi mgongoni ili kila mwenyewe awatambue wake. Kutoka stesheni unakwea barabara ya mawe yenye mteremko mkali kiasi cha kukuvuta magoti, na juu kabisa unakuta kanisa, nyuma yake makaburi, na nyuma ya makaburi nyumba ya kasisi. Hapo ndipo walipokulia Charlotte, Emily na Anne Brontë pamoja na kaka yao Branwell.

Wenzangu waliona mahali pa mapenzi na ndoto, wakaanza kupigana picha. Mimi niliyatazama yale makaburi. Yako mbele ya dirisha la sebule, hatua chache tu, na mawe yake yamelala chini yakigusana. Mwaka wa 1850 mkaguzi wa serikali, Benjamin Babbage, alikuja kuchunguza maji ya kijiji baada ya baba yao, Patrick Brontë, na wanakijiji wengine kulalamika. Alikuta vyoo vichache vilivyofurika, na maji ya kunywa yaliyochafuka. Wastani wa umri wa kufa Haworth ulikuwa miaka 25.8, na zaidi ya watoto 41 katika kila 100 hawakufikisha miaka sita. Wewe unayeishi katika mtaa ambako mtaro wa maji taka unapita karibu na bomba la maji, huhitaji kufasiriwa hayo.

Ndani ya nyumba, kifo hakikuruka mlango. Mama yao alikufa mwaka wa 1821, na dada wawili wakubwa mwaka wa 1825. Branwell na Emily walifuata mwaka wa 1848, Anne mwaka wa 1849, na Charlotte mwaka wa 1855 akiwa na miaka 38. Baba mtu alifiwa na wote akabaki hai hadi mwaka wa 1861. Kochi ambalo inasemekana Emily alikata roho juu yake lingalipo. Meza waliyoizunguka usiku wakisomeana kazi zao ipo pia, na inasimuliwa kwamba wadogo zake walipokwisha kufa, Charlotte aliendelea kuizunguka peke yake.

Katika sanduku la kioo kuna vijitabu walivyoviandika utotoni, vingine vidogo kuliko kiberiti, kwa herufi zinazohitaji darubini. Mwaka wa 1826 baba alikuwa amemletea Branwell wanajeshi 12 wa mbao, nao watoto wakawatungia nchi. Unajua waliiweka wapi? Afrika, pwani ya magharibi! Nilicheka hadi mlinzi akanigeukia. Hawakuwa wameiona Afrika hata siku moja, nasi shuleni tuliandika insha za theluji.

Ila kilichonisimamisha kwa muda mrefu ni hesabu. Mwaka wa 1836 Charlotte alimwandikia Robert Southey, mshairi mkuu wa taifa wakati huo, akajibiwa kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke. Mwaka wa 1846 dada hao watatu walijificha nyuma ya majina yasiyofichua kuwa ni wanawake, Currer, Ellis na Acton Bell, wakalipa pauni 31 na shilingi 10 kuchapisha mashairi yao. Katika mwaka mzima ziliuzwa nakala mbili. Mbili! Mwaka wa 1847 Jane Eyre ikatoka.

Mchana tulitembea nyikani hadi Top Withens, kama kilomita tano hivi, vibao vya njia vikiwa kwa Kiingereza na Kijapani. Ukienda, vaa viatu vya matope, kwani huko mvua haitoi taarifa. Mwisho wa njia kuna magofu yanayohusishwa na Wuthering Heights, na kibao ukutani kinachokiri kwamba hata nyumba hiyo ilipokuwa nzima haikufanana na ile iliyoelezwa na Emily. Nilikipenda kibao kile kuliko duka lote la Stratford.

Jioni nilinunua kadi yenye picha ya kijitabu kimojawapo, nikamwandikia mjomba: pauni 31, nakala mbili, na mwaka uliofuata Jane Eyre, ambayo ilimpa Charlotte pauni 500 kwa jumla. Sikuongeza neno.

Niliporudi hakuitaja kadi kwa siku kadhaa. Kisha, tukiwa dukani akihesabu mauzo, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Hizo pauni 500, kwa pesa za wakati ule, zingenunua nini?" Nilimwambia kwamba yaya wa kufundisha watoto, kazi aliyoifanya Charlotte mwenyewe, alilipwa pauni 20 hivi kwa mwaka. Alipiga hesabu kwenye kijikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni.

Karo ya muhula aliituma, ikiwa imechelewa wiki tatu.