Wastani wa Kona Nne

Bosi aliniacha mlangoni mwa chumba baridi cha chanjo na laptopu, mkoba wa waya na sentensi moja: "Panga chaneli, ukimaliza nipigie." Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Nikasema poa, kama mtu anayejua.

Chaneli za kuingiza ndizo rahisi. Sensa ya joto inatuma mkondo wa kati ya miliampia 4 na 20, na programu haijui maana yake mpaka uiambie. Zetu zilipima kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 60 juu yake, kwa hivyo miliampia 12 ni nyuzi 10. Ukikosea hapo, skrini itakudanganya bila aibu, tena kwa desimali mbili. Uzuri wa kuanzia 4 ni kwamba waya ukikatika mkondo unaenda sifuri, unajua hiyo si baridi, ni waya.

Niliweka sensa nne, moja kila kona. Halafu nikatengeneza chaneli ya hesabu. Hii haina waya. Ni fomula tu inayokula namba za wenzake. Nikajumlisha nne, nikagawanya kwa nne, nikaiita WASTANI. Mstari wake ulitulia vizuri hata mlango ukifunguliwa, na bosi anapenda grafu iliyonyooka. Nikaifunga na chaneli ya kutoa, ile inayowasha king'ora: chini ya 2 au juu ya 8, piga kelele.

Siku ya tatu Sista wa stoo akapiga simu. "Fundi, hebu kuja uone."

Alikuwa ameshika boksi lenye barafu, lile lililokaa chini ya feni. Nikafungua laptopu. Kona tatu: 5.8, 6.1, 5.4. Kona ya nne: 0.9 chini ya sifuri. Wastani 4.1, kijani kabisa. King'ora kilikuwa kimelala, na ni mimi nilikilaza.

Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishi. Ukiiangalia tu huwezi kujua. Sista akagandisha chupa moja usiku kucha makusudi, akaiyeyusha, kisha akaitikisa pamoja na moja ya lile boksi na kuziweka mezani. Akaniambia nisimame hapo nitazame. Mashapo yakashuka sawasawa kwenye zote mbili. Akaandika idadi ya chupa za kutupwa kwenye daftari. Kila chupa ilikuwa na mtoto wake mahali fulani.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hii namba kubwa kwa skrini ni ya kona gani?"

"Si ya kona yoyote, Sista. Ni ya zote."

"Sasa king'ora kinaisikiliza ya nini?"

Nikaketi sakafuni nikaanza upya. Chaneli mbili za hesabu: moja inachukua namba ya chini kabisa kati ya zile nne, nyingine ya juu kabisa. King'ora nikakifunga na hizo. Ile ya juu nikaipa dakika 10 za subira kwa sababu ya mlango. Ya chini sikuipa hata moja. Kisha nikachovya sensa ya kona ya nne kwenye kikombe cha barafu na chumvi, tukangoja.

Kilipolia Sista aliruka. "Haya," akasema, "sasa enda kunywa chai."

WASTANI bado iko, chini ya skrini, kwa maandishi madogo. Haijafungwa na kitu.