Taa ya Kijani Ilinidanganya

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpenzi msomaji, ufa wangu ulikuwa ndani ya kisanduku cheusi chini ya meza ya televisheni.

Kisanduku hicho ni UPS, ile mashine ya kuweka akiba ya umeme. Nilikinunua kwa sababu kifungua mimba wangu ana pumu, na mashine anayovutia dawa haiendi bila stima. Kwa miaka minne taa yake ya kijani iliwaka, nami nikalala usingizi wa pono.

Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Kifua cha mwanangu kilikuwa kimebana. Niliwasha mashine yake. UPS ikalia mara mbili, kisha ikanyamaza kama maji mtungini. Nilimbeba mtoto nikashuka ngazi gizani, kutoka orofa ya nne hadi kwa jirani yetu fundi. Yeye aliiunganisha mashine na inveta ya betri ya gari lake. Ndipo mtoto akapata pumzi.

Stima ziliporudi, fundi aliichaji betri yangu usiku kucha, akaiacha itulie, kisha akaipima. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu 12.7. Yangu ilionyesha 11.

"Mama, hii ilikufa zamani," akaniambia. "Taa ya kijani hukuonyesha kwamba stima iko ukutani, wala si kwamba betri ni nzima."

Basi nawe, msomaji, usingoje giza likufunze. Betri hizi za risasi kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto huzipunguzia umri. Kila baada ya miezi mitatu, ichaji UPS yako ijae, ichomeke balbu badala ya kompyuta, kisha zima swichi ya ukutani na utazame saa. Andika dakika ilizodumu. Zikipungua hadi nusu ya zile za mwanzo, nunua betri nyingine.

Ukimaliza kupima, ichaji papo hapo. Betri ya risasi ikikaa tupu, chumvi nyeupe huganda ndani yake, na hapo haishiki moto tena. Hata ile uliyoiweka kabatini hupungukiwa polepole, itoe uichaji. Ikivimba, ichomoe wala usiifungue. Nayo iliyokufa usiitupe jaani, kwani risasi ni sumu kwa watoto. Irudishe kwa muuzaji au fundi.

Jumapili, Desemba 10, mwaka uo huo, stima zilipotea tena nchini. Nilikuwa nimeipima betri mpya majuma mawili kabla. Mwanangu alivuta dawa yake yote kitandani mwake, akalala.

Je, ya kwako uliipima lini?