Mama alitaka saba, nikanunua tano

“Hakikisha ni saba,” mama aliniambia kwenye simu. “Baba yako alikununulia saba. Na huyu naye apate saba.”

Tulikuwa tunazungumzia kompyuta mpakato ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anayesoma takwimu mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wote aliazima ya mwenzake wa chumbani, na kuazima kuna mwisho wake. Mama na wenzake walipovunja kikoba, akanitumia Sh600,000 kutoka Morogoro. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi Dar es Salaam, kazi ya kwenda Kariakoo ikawa yangu.

Kama una mtoto chuoni, hiyo saba unaijua. Ni ile karatasi ndogo iliyobandikwa karibu na kibodi za kompyuta zenye prosesa ya Intel: i3, i5 au i7. Mama hajui kompyuta, lakini amefanya biashara ya maandazi miaka mingi na anajua kwamba tano ni ndogo kuliko saba. Na anajua jambo jingine ambalo kwake ni zito zaidi: watoto wa nyumba moja hawapewi visivyolingana. Baba yetu hayupo tena, na mama hataki ionekane kwamba mtoto wa mwisho amepata kidogo kwa sababu baba hayupo.

Muuzaji aliniwekea mbili mezani, zote zilizotumika, zote safi. Moja ilikuwa i7 kwa Sh580,000, nyingine i5 kwa Sh600,000. Zote zilikuwa na ramu ya GB 8 na SSD ya GB 256, kwa hiyo tofauti kubwa iliyobaki ilikuwa prosesa.

“Dada, chukua hii saba,” akasema. “Hii ni mashine. Tena inaanzia gigahezi 2.6, hiyo ya tano ni 1.6 tu. Na bei ni nafuu.”

Namba zote alizotaja zilikuwa za kweli. Ndiyo maana mzazi akisimama pale peke yake hana pa kushika: saba ni kubwa kuliko tano, 2.6 ni kubwa kuliko 1.6, na bado chenji inabaki.

Mimi huandika habari za afya, si fundi wa kompyuta. Lakini kazi yangu imenifundisha kutoamini namba kubwa kwenye pakiti. Paracetamol huja kwa kidonge cha miligramu 500, ibuprofen cha miligramu 200, na hakuna mfamasia atakayekuambia ya kwanza ina nguvu zaidi kwa sababu 500 ni kubwa. Namba hulinganishwa ndani ya dawa moja. Kwa prosesa ni hivyohivyo: i7 na i5 hulinganishwa vizuri zikiwa za kizazi kimoja.

Kizazi si lazima kiwe kimeandikwa kwenye ile karatasi. Ukitaka kukiona, washa kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya utendaji. Jina kamili la prosesa litatokea. Ile saba ilikuwa i7-6600U, ile tano i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hii ya sita, ile ya nane. Ukikuta namba inaanza na 10, 11 au 12, hivyo navyo ni vizazi, vipya zaidi. Ile U ya mwisho inamaanisha imetengenezwa kwa matumizi madogo ya umeme, ndiyo maana huwekwa kwenye kompyuta nyembamba.

Sasa tofauti. Ile i7-6600U ilitoka mwaka 2015 na ina viini viwili vya kufanyia kazi. Ile i5-8250U ilitoka 2017 na ina viini vinne. Kiini ni kama mpishi jikoni. Shughuli ya sahani kumi wapishi wawili wanaiweza. Ikifika ya sahani mia mbili, utatamani wawe wanne. Hadi mwaka huo wa 2017, kompyuta hizi nyembamba zenye prosesa za U za Intel, ziwe i5 au i7, zilikuwa na wapishi wawili tu. Tofauti yao ilikuwa kasi kidogo ya mikono. Watu wengi walilipia saba wakapata jiko la ukubwa uleule.

Na ile 2.6 dhidi ya 1.6? Hiyo ni kasi ya chini ambayo prosesa imeahidiwa kuishika inapofanya kazi nzito mfululizo. Kazi ikihitaji, prosesa hupandisha mwendo, na zote mbili kikomo chao ni kimoja: gigahezi 3.4. Zote zimepangiwa umeme uleule, wati 15. Kwa hiyo ile ya nane haiwi na kasi mara mbili kamili, maana viini vinne vinagawana umeme ambao kwenye nyingine unagawanwa na viwili. Lakini inapita, na inapita kwa mbali pale kazi inapoweza kugawanyika.

Sikutaka kuishia kwenye kusoma. Nilikuwa na flashi yenye video ya mahojiano ya kliniki moja na programu ya kupunguza ukubwa wa video. Nikamwomba muuzaji tuzichomeke kompyuta zote kwenye umeme, tuanzishe kazi ileile kwa pamoja. Alikubali, nadhani kwa sababu hakukuwa na mteja mwingine. Ile tano ilimaliza kabla dakika nne hazijatimia. Ile saba ilikaribia dakika saba, feni ikilia kama ya daladala inayopanda mlima. Muuzaji akajikuna shingo, akaniuliza kama mimi ni fundi.

Ili nisiwadanganye: tulipofungua faili la maandishi na kuandika barua, hakuna aliyeona tofauti. Mtoto anayeandika insha na kusoma vitini atafika salama na yoyote kati ya hizo mbili, na fedha ya ziada ni afadhali iende kwenye ramu au betri nzima. Lakini mdogo wangu anachakata takwimu, na humo viini huonekana.

Kuna lililonifanya niamue, na halihusu kasi. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Ile saba ilikuwa imebaki nje ya mlango. Ipo njia ya kuilazimisha, mafundi wanaifanya kila siku, lakini mtengenezaji hajaahidi kuihudumia. Sikutaka fedha ya kikoba iishie kwenye kitu ambacho tayari kimeachwa njiani.

Nikalipa Sh600,000. Kabla sijampigia mama nilikaa kwenye ngazi za duka kwa muda, maana kulikuwa na jambo sijawahi kumwambia.

Saba ya baba, ile aliyoninunulia 2017 kwa mkopo, ilikuwa ya kizazi cha pili. Prosesa yake ilitoka mwaka 2011, yenye viini viwili na inayopata moto kama pasi. Baba alimuuliza muuzaji ipi ni kubwa, akaambiwa saba, akalipia saba. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, nilirudi Morogoro na utafiti wangu wa mwisho. Nikiingiza madodoso ya wajawazito mashine ilikuwa inazimika yenyewe. Usiku niliiweka juu ya sinia lenye maji kidogo chini, nikaipepea kwa kipepeo cha jiko la mkaa. Baba akiniuliza asubuhi inaendaje, nilijibu, “Iko vizuri sana, baba.” Alifariki akiamini hivyo, au ndivyo nilivyofikiri.

Nikampigia mama. Nikamwambia nimenunua tano na kwa nini. Kimya. Nikaona sina budi, nikamweleza na habari ya ile saba.

“Baba yako alijua,” mama akasema. “Kipepeo kilikuwa kinasikika mpaka chumbani. Asubuhi alikuwa anakikuta mezani kwako badala ya jikoni. Akaniambia nisikuulize, utaona haya, naye hakuwa na fedha ya nyingine.”

Nilishindwa kujibu. Mama naye hakuongeza neno, akaniuliza tu kama mzigo utapanda basi la saa nane au la jioni.

Kompyuta ilifika salama. Mdogo wangu alinipigia siku ya pili, anasema inawaka haraka hata hajamaliza kuvuta kiti. Kisha akashusha sauti: “Dada, mama ananiuliza kama hii karatasi ya tano inabanduka. Kuna mgeni anakuja Jumapili.”