Daftari Linalofutwa kwa Kitambaa

Julai mwaka jana nilipeleka Tukuyu daftari ambalo kurasa zake hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Nililinunua Leipzig, ninakoishi mwaka wa tisa sasa, nikimkusudia katibu wa kikundi cha mama yangu cha kuweka na kukopa. Nilijua kaunta buku zao hujaa upesi, na nilijua unyevu wa kwetu Rungwe unavyoziharibu karatasi. Zawadi ilionekana imempata mwenyewe.

Wanakikundi ishirini na wawili walikaa sebuleni kwetu wamejifunga vitenge juu ya masweta, sanduku la kufuli tatu likiwa katikati. Nikaandika mstari mmoja wa hisa, nikaupiga picha, nikawaonyesha kwamba picha imeshafika kwenye barua pepe. Wakapiga makofi. Kisha nikalowesha kitambaa, nikapangusa, ukurasa ukarudi mweupe kama haujawahi kuguswa.

Makofi yakakoma. Mama mmoja, ambaye ndiye mtunza ufunguo wa pili, akaniuliza kwa upole: "Sasa mwanangu, hisa zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha simu.

"Hiyo ni simu yako," akasema.

Jibu lile nimeishi nalo mwaka mzima.

Kwa asiyeyajua madaftari haya, jinsi yanavyofanya kazi ni rahisi. Yaliyovuma zaidi ni ya Rocketbook, kampuni iliyoanzia Boston, Marekani, na mwaka 2020 ikanunuliwa na BIC ya Ufaransa, ile ile ya peni zilizojaa maduka yetu yote. Kurasa zake hazitokani na mti. Ni za plastiki nyororo. Huandikwa kwa peni za FriXion za kampuni ya Pilot ya Japani. Kwenye kurasa za aina hii wino wake hutoka kwa maji, na hata kwenye karatasi ya kawaida hupoteza rangi ukipata joto la nyuzi 60 hivi. Chini ya kila ukurasa kuna alama ndogo ndogo. Ukiitia tiki moja, programu ya simu inajua picha iende wapi: barua pepe, au ghala la mtandaoni. Ikishafika, unapangusa na kuanza upya.

Ofisini kwangu Leipzig daftari hili linanifaa sana. Mengi ninayoyaandika pale hufa Ijumaa: nani ampigie nani simu, kikao kimehamia chumba gani, vipimo vya kurudia. Nikigombana na mtu kuhusu malipo, siendi kwenye daftari langu. Naenda kwenye mkataba, benki, bima, kumbukumbu za kompyuta ya mwajiri. Huku yanayostahili kudumu yana watunzaji wake wanaolipwa mshahara. Mimi naandika ili nisisahau mpaka jioni.

Na kufuta, kwa Wajerumani, ni malezi. Mtoto wa shule ya msingi Ujerumani hufundishwa kuandika kwa kalamu ya wino ya kujaza, na wino wenyewe huwa buluu ya kifalme, unaotoka kirahisi. Ndani ya mkebe wake kuna kalamu nyingine wanayoiita Tintenkiller. Upande mmoja una dawa inayoufanya ule wino usionekane, upande wa pili una wino wa kuandikia juu yake. Kosa linaondoka, daftari linabaki safi. Wapo pia wapenzi wa kalamu wasiotaka kabisa kusikia habari za kurasa za plastiki, kwa sababu wino wa kalamu ya kujaza haukauki vizuri juu yake. Hao hununua karatasi nzuri, huandika kwa wino waupendao, kisha huskani na kuweka vyote viwili. Kwa muda mrefu niliwaona kama watu wa kujipa kazi mbili. Baada ya siku ile Tukuyu nimeanza kuwaelewa.

Kwetu daftari halimsaidii mtu kukumbuka tu. Linamtetea. Mjomba wangu ana mashine ya kupasulia mbao Mafinga, na kaunta buku yake imeandikwa tarehe, idadi, saizi ya mbao, namba ya gari, jina la dereva na saini. Akikosea hesabu hachafui wala hachani. Anapitisha mstari mmoja ili tarakimu ya zamani iendelee kusomeka, anaandika sahihi pembeni, na dereva anatia saini tena. Nilimweleza habari za daftari langu, akaliza midomo, akasema, "Mpwa wangu, daftari lisilo na kosa hata moja limeandikwa jana usiku." Kwake ule mstari wa kosa ndio uthibitisho kwamba hesabu iliandikwa siku ile ile, mbele ya watu wote wawili.

Nilijaribu pia hoja ya kuokoa miti. Leipzig hoja hiyo ina nguvu, na naiheshimu. Mafinga haikunifikisha mbali. Pale umezungukwa na msitu wa Sao Hill, hekta zaidi ya 130,000, penye misonobari na mikaratusi iliyopandwa kwa mikono ili ivunwe, na kiwanda cha Mgololo kimekuwa kikitengeneza karatasi ya kaki ya mifuko humo humo wilayani Mufindi. Mjomba anasomesha watoto kwa mti.

Halafu kuna joto. Tangu mashine za risiti za EFD zilipoingia Tanzania mwaka 2010, kila mwenye duka amejifunza maana ya maandishi yanayopotea. Risiti ile huchapwa kwa joto kwenye karatasi yenye dawa, na baada ya miezi kadhaa kwenye droo inabaki karatasi nyeupe. Ndiyo maana mtu mwangalifu akishapewa risiti ya mashine yenye fedha nyingi, anapita steshenari kutoa kopi kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo akina mama wa Tukuyu hawakuwa wanaogopa kitu kigeni walipolitazama daftari langu. Walikijua.

Wala nisieleweke kwamba nyumbani tumelala kuhusu kuskani. Nenda Iringa mjini, jirani na vyuo vya Mkwawa au Ruaha, uone madesa yanavyosafiri. Mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri anaandika darasani, mwenzake anapiga picha, kabla ya saa sita kundi zima la WhatsApp linazo. Wakati wangu tulipanga foleni steshenari kutoa kopi ya kopi, mpaka herufi zikabaki vivuli. Kwa kasi, hawa vijana wanawashinda wenzangu wa ofisini. Kinachokosekana ni kinachofuata baada ya picha. Picha hazina majina, zimechanganyika na za harusi na za mechi, WhatsApp imezipunguza ubora, na simu ikiibiwa stendi mwaka mzima wa masomo umekwenda nayo.

Kuna habari moja ya kwetu Rungwe ambayo hunikaa moyoni kila ninapowaza haya. Mwaka 1934 mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alifika kwa Wanyakyusa, na mwaka uliofuata mkewe Monica akaungana naye. Walikaa hadi 1938, wakiandika kwa mkono misiba, ndoa, mashauri, maneno ya wazee. Karani wao alikuwa Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa, mtu aliyewafungulia lugha na milango. Kutokana na kazi ile Monica Wilson alichapisha vitabu kadhaa, cha kwanza mwaka 1951. Madaftari yenyewe yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi chuoni pale na kukiteketeza chumba cha kusomea cha Jagger, katika maktaba yenye hazina hizo za kale. Nilitazama picha za moto ule nikiwa jikoni kwangu, nikajiuliza: maneno ya babu zetu yako mbali kiasi gani na sisi, na nyumbani tumebaki na nini? Jibu la upande wa kwetu nilikuwa nalijua. Lilikuwa kwenye kabati la mama, chini ya mashuka.

Kaunta buku nne. Humo mama ameandika tangu mimi sijaanza shule: kilo za majani ya chai zilizopimwa, rambirambi za kila msiba na nani alileta nini, mbegu za viazi, karo, dawa ya ng'ombe, siku niliyopanda basi la kwanza kwenda Iringa. Peni ya kawaida ya duka, wino wake wa mafuta usioyeyuka kwa maji, umevumilia unyevu kuliko karatasi yenyewe. Pembe zimeliwa. Maandishi yapo.

Tulizipiga picha jioni tatu, mimi na binti wa dada yangu. Hatukuhitaji kifaa cha ajabu. Meza karibu na dirisha, saa kumi mwanga ukiwa umetulia, taa ya simu imezimwa ili kurasa zisimeremete. Simu tuliiegemeza juu ya vitabu viwili, lensi ikitazama chini moja kwa moja, ukurasa mmoja kwa wakati, pamoja na majalada na kurasa tupu ili mpangilio usipotee. Kila faili tuliipa mwaka, namba ya kaunta buku na namba ya ukurasa. Nilipozituma kwa ndugu kupitia WhatsApp nilizituma kama dokumenti, si kama picha, ili zisipunguzwe. Nakala moja iko kwangu, moja kwa kaka Mbeya mjini, moja kwenye kadi ndogo ndani ya kabati lile lile, ya mama mwenyewe. Hiyo ya tatu nimeijali kuliko zote. Sikutaka aniambie naye kwamba hiyo ni simu yangu.

Sasa nanakili kurasa zake kidogo kidogo kwa kompyuta. Kuna programu ya Transkribus, ya ushirika wenye makao Innsbruck, Austria, ambayo huku hutumika kusoma miandiko ya Kijerumani ya kale, na unaweza kuifundisha mwandiko wa mtu mmoja ukiipa kurasa za mfano za kutosha. Natayarisha mwandiko wa mama. Anachanganya Kiswahili na Kinyakyusa katika mstari mmoja, na ufupisho wake anaujua yeye tu, kwa hiyo kila Jumapili nampigia simu na orodha ya maneno. Ana miaka sabini na nne. Maelezo anayonipa hayamo katika programu yoyote.

Kikundi nacho kimepata njia yake. Katibu anaandika kwenye kaunta buku kwa peni, wote wanasikia, wenye zamu wanatia saini. Kabla sanduku halijafungwa, wanachama watatu, kila mmoja kwa simu yake, wanapiga picha ukurasa wa siku hiyo. Wameliamua wenyewe, mimi nikiwa nimesharudi.

Daftari la kufutwa nimelirudisha Leipzig, kwenye meza ya ofisi, na nitaendelea kulitumia. Wewe unayekwenda nyumbani Desemba hii, Mbeya, Iringa au kwingineko, tafuta jioni tatu. Muombe mama au baba daftari lake, keti naye wakati unapiga picha, umuulize kila usichoweza kusoma. Kisha lirudishe lilipokuwa.