Kiingereza cha Afisini na Aibu ya Kuuliza

Aghalabu mfanyakazi wa Kenya anapopewa agizo kwa Kiingereza, huitikia kabla hajaelewa. Meneja humaliza maelezo yake, akauliza kama kuna swali, na kimya kikatanda. Kisha kila mmoja hurejea mezani pake na kumnong'oneza jirani, "Amesema tufanye nini?" Kimya hicho hakitokani na ujinga. Katika shule nyingi Kiingereza kilikuwa kipimo cha akili, na mtoto aliyethubutu kusema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni. Aliyelelewa hivyo hujifunza kwamba kutamka "sijaelewa" ni sawa na kukiri kuwa hakusoma.

La ajabu ni kwamba hata meneja mwenyewe Kiingereza ni lugha yake ya pili, kama si ya tatu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha kukifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Walakini afisini wawili hao hukutana katika Kiingereza kama wapangaji katika nyumba ya mtu mwingine, na kila mpangaji huingia na vyombo vyake. Yupo anayeomba "kukopa" kitu ilhali anakusudia kukopesha, kwa kuwa kuazima kwa Kiswahili huenda pande zote mbili. Yupo pia anayefika saa mbili kwa miadi ya saa nane. Hayo huchekesha tu.

Lisilochekesha ni swali la kukanusha. Fundi akiulizwa kwa Kiswahili, "Hukuzima mtambo?" hujibu, "Ndiyo," yaani ni kweli hakuuzima. Akiulizwa vivyo hivyo kwa Kiingereza na mhandisi kutoka Uingereza, naye akajibu kwa neno lilo hilo la kukubali, mhandisi huelewa kwamba mtambo umezimwa. Kila mmoja amesema kweli kwa mujibu wa sarufi yake, na mtu wa tatu anautia mkono ndani ya mtambo. Tiba ni nyepesi: "Mtambo umezimwa, au bado unazunguka?"

Kwamba mambo haya huua si kutia chumvi. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca nambari 52 iliyotoka Kolombia ilizungushwa hewani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Marubani, ambao lugha yao ilikuwa Kihispania, waliomba kipaumbele, na baadaye wakasema kwamba mafuta yalikuwa yakiwaishia. Neno moja, dharura, halikutamkwa kwa waongozaji wa ndege waliokuwa chini, japo rubani mkuu alikuwa amemwagiza msaidizi wake alitamke. Ndege ilishindwa kutua mara ya kwanza, injini zikazimika, ikaanguka. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walifariki. Wachunguzi walilaumu namna marubani walivyosimamia mafuta na kukosa kwao kutangaza dharura. Walitaja pia ukosefu wa istilahi sanifu ambazo pande zote mbili zingezielewa bila shaka.

Sekta ya ndege ilijifunza. Kanuni za kimataifa zilizoanza kutumika Machi 2008 zinawataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wafikie angalau kiwango cha nne kati ya sita, na hata wazawa wa Kiingereza huhimizwa waache misemo ya kwao. Waunda ndege wa Ulaya nao walitoa mwaka 1986 mwongozo wa Kiingereza sahili cha vitabu vya mafundi: sentensi ya agizo isizidi maneno 20, na neno moja libebe maana moja. Kitenzi cha kufuata, kwa mfano, ni kuja nyuma ya kitu, wala si kutii.

Hapo ndipo afisi nyingi hukosea. Mzigo wa kueleweka hutwikwa mwenye lugha haba, ilhali mwenye lugha tele ndiye awezaye kuupunguza. Bosi apendaye misemo ya mpira wa Kimarekani hujiona fasaha. (Wapo wasomi wa Kiswahili wafanyao yaya haya kwa msamiati wa karne zilizopita, na hadhira ikawapigia makofi bila kuambulia kitu.)

"Umeelewa?" nalo ni swali lisilo na faida, maana jibu lake hujulikana. Muuguzi mjuzi haliulizi. Humkabidhi mama chupa ya dawa, kisha husema, "Haya mama, jioni ukifika nyumbani utampa mtoto kiasi gani?" Akanyamaza, akangoja, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.