Tulikwenda kwa Kyala, shoga yetu akagoma

Msomaji, ukisikia watu wamekwenda Matema wikiendi, unajua ni mchanga, samaki na picha. Sisi wanawake wanne tulikuwa na letu: kupaona Palikyala, pahali patakatifu pa Wanyakyusa wa zamani kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Jina lenyewe maana yake ni "alipo Kyala".

Basi Jumamosi asubuhi tukatoka Kyela mjini, tukapita Ipinda, mpunga kushoto, mpunga kulia. Humo garini kasheshe ikaanza. Mwenzetu mmoja, mwanakwaya wa Kilutheri, alipojua tunakokwenda akang'aka, "Mimi kwenye mizimu sikanyagi!"

"Shoga, kwani kanisani kwa Kinyakyusa mnamwomba nani?"

Kimya. Si Kyala huyo huyo!

Hapo ndipo penye utamu. Wamisionari wa Kijerumani walioingia huku 1891 walitafuta jina la Mungu, wakalichukua hilo hilo la wenyeji. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha 1959 kwamba wazee walimwogopa Kyala akikaribia. Walimwomba asogee, aende kwa wengine. Halafu anatokea mhubiri, anachekelea, eti Kyala yupo hapa! Hebu fikiria walivyotetemeka.

Matema tukaenda moja kwa moja gulio la Lyulilo, wanakouza vyungu akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe. Tukamwamkia mzee mmoja, tukamwomba atupeleke. Akatutazama weee.

"Wajukuu, kule hakuendwi kutembea. Mna shida gani?"

Shida? Tulikuwa na kamera tu. Tukaanza kutazamana.

"Na mwenye mama mgonjwa je?" Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa yule yule mwanakwaya. Miaka yote ya urafiki, wala hatukujua kwamba mama yake hainuki kitandani tangu Pasaka.

Mzee akalainika. "Huyo ana neno la kupeleka."

Shoga yetu akatikisa kichwa taratibu. "Ndaga, babu. Mimi Kyala nimeshamwambia nikiwa nyumbani."

Safari ya Palikyala ikafia pale, na hakuna aliyelalamika. Yeye akainamia vyungu, akagonga kimoja kimoja kusikiliza mlio, akachagua kidogo cha uji wa mgonjwa. Kurudi nilikipakata mimi mpaka Ipinda, jamani, kisije kikavunjika.